Ngumi Aliyoificha Tamanaha Seitoku

Ndugu wa ukoo wa Tamanaha na wa Oyadomari, majirani wa Uebaru, walimu na wanafunzi wa karate mliotoka Naha na ng'ambo, tumekusanyika kumsindikiza mume wangu, Tamanaha Seitoku, na mimi Nabe, mke wake, ndiye nitakayewasomea maisha yake. Wanafunzi wake walikwisha kuandika historia nyingine, nzuri sana, haina kosa hata moja, kwa sababu ndani yake marehemu naye hana kosa hata moja, na hiyo mtaisoma wenyewe kwa nafasi yenu. Hii yangu nimeiandika kwa sababu mwanangu wa kwanza, Morio, ambaye kwa desturi yetu ndiye anayepaswa kubeba kibao chenye jina la baba yake mpaka kaburini, amesimama pale getini na mwavuli wake, hajaingia, na ameniambia hatakigusa kibao hicho mpaka yasomwe yote mbele ya watu. Basi nitasoma yote. Mwenye njaa avumilie, nyama ya nguruwe bado iko jikoni na haiendi popote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1931, hapa hapa Uebaru, Kochinda, mtoto wa tatu na wa kiume pekee wa mzee Tamanaha Kamejiro, mkulima wa miwa, na mama Makato, ambaye mimi sikuwahi kumwona, ila wazee wanasema alikuwa mwembamba kama ufito na akiita nguruwe wake jioni, wanakuja na wa jirani.

Aprili 1937 aliingia shule ya kijiji, na wenye umri wangu mnakumbuka shule ilivyokuwa, mtoto akisikika anasema lugha ya kisiwa chetu badala ya lugha ya shule anavikwa ubao wa aibu shingoni, na anakaa nao mpaka amnase mwenzake kwa kosa lile lile amvishe. Marehemu alikuwa mzito wa lugha ya shule, akauvaa ubao ule kuliko alivyovaa viatu, na aliwahi kunisimulia jinsi siku moja alivyomkanyaga dada yake kidole cha mguu kwa makusudi, ili dada alie kwa lugha ya nyumbani, naye apate wa kumvisha. Alinisimulia huku anacheka. Sikucheka, kwa sababu dada huyo alikufa Mei 1945 pamoja na mama yao na dada mkubwa, njiani kuelekea kusini, mvua ya mabomu ikiwa juu yao, na katika pango walimojificha wakatoka marehemu na baba yake wawili tu. Elimu yake iliishia hapo. Yangu iliishia mapema zaidi, kwa hiyo herufi zikinishinda nisaidieni kwa kunyamaza.

Baada ya vita alibeba mizigo bandarini kwa Wamarekani, halafu akajifunza useremala, akawa fundi mzuri, nyumba nyingi za Kochinda zilizojengwa miaka ile zina mkono wake, na milango yake haijagoma mpaka leo. Hilo nalisema kwa moyo mweupe. Mbao hakuzidanganya.

Mwaka 1949 alifika kwa baba yangu, mzee Oyadomari Chosei wa Yonabaru, ambaye mchana alikuwa mtengeneza tofu ya soya na jioni alikuwa na nguzo yake nyuma ya nyumba, ubao mrefu unaonepa, umefukiwa ardhini, juu umezungushiwa kamba ya mabua ya mpunga, na watu waliojua mambo hayo walisema ngumi ya baba yangu haikuwa na ya kufananishwa nayo upande ule wa kisiwa. Marehemu alikuwa kijana mwenye mabega ya kubeba magunia, akafika na majivuno yake, akaipiga nguzo mara moja kwa nguvu zake zote, ikalia paa mpaka kuku wakakimbia, akamgeukia baba kusubiri sifa. Baba akamwambia, "Kijana, wewe unapiga kwa bega. Bega ni la kubebea mtoto. Njoo usage soya."

Akasaga soya. Alizungusha lile jiwe la kusagia mpaka masika yakapita na mengine yakaja, hakuruhusiwa kuigusa nguzo, na kila baba alipopita nyuma yake alimgonga ubavuni kwa kidole na kumwambia neno moja tu, gamaku, weka gamaku. Kwa wajukuu wangu ambao hamjui tena lugha ya kwenu, gamaku ni ile sehemu laini ya ubavuni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, sehemu ambayo lugha ya shule haina jina lake. Mimi niliyebeba beseni la tofu kichwani kutoka Yonabaru mpaka Shuri nilikuwa naijua kabla sijajua kuandika jina langu, maana ukijikwaa na beseni kichwani nyonga haikuokoi, ukizungusha nyonga tofu iko chini na mama anakusubiri nyumbani na ufagio, kinachokuokoa ni pale ubavuni panapokaza na kushuka kwa ghafla, unyayo ukaishika ardhi, na kichwa kisijue hata kama kuna lililotokea.

Ngumi ya baba yangu ilikuwa hiyo hiyo. Haitoki mkononi. Inatoka kisiginoni kinapoisukuma ardhi, inapita gotini, inafika gamaku, na gamaku ikikaza kwa wakati wake inaipeleka mbele yote bila kumwaga njiani, huku mkono umelegea kama taulo lililolowa, ukijifumba pale tu unapogusa, halafu ukaachia. Ukizungusha nyonga badala yake, inapendeza macho, mavazi yanapiga kelele, nguzo inapiga kelele, watazamaji nao wanapiga kelele, lakini nusu ya nguvu imekwenda pembeni, na inayobaki inarudi kwenye uti wa mgongo wako mwenyewe. Nguzo iliyopigwa sawasawa hailii. Inainama, inarudi, inanyamaza. Siku ya kwanza marehemu alipoipiga hivyo, mwaka 1952, nilikuwa nakamua soya kwenye kitambaa, nikasikia kimya kile, nikainua kichwa, na nadhani siku hiyo ndiyo niliyokubali kuolewa, ingawa hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Tulifunga ndoa tarehe 20 Novemba 1953. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, na siku ile, mbele ya baba mkwe wangu na wazee wa pande zote mbili, wengi wenu mnaonitazama hapa ni watoto wao, alimwambia marehemu hivi, "Binti ni wako. Ngumi ni ya mjukuu wangu. Wewe unamshikia tu." Marehemu akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema amesikia. Nayaandika maneno haya kama yalivyosemwa kwa sababu leo yote yanasimama juu yake.

Tulijaliwa watoto wawili, Morio, aliyezaliwa Juni 1955, na Hatsue, aliyezaliwa Januari 1958, wajukuu watano, na kitukuu mmoja anayelia hapo nyuma, mpeni maziwa. Baba yangu alifariki Septemba 1961, hajawahi kumfundisha Morio hata kusimama, alikuwa anasubiri mtoto akue kidogo, na alikufa bila wasiwasi kwa sababu mkwe wake alikuwa ameinama mkekani.

Mwaka 1963 marehemu alimfukia Morio nguzo yake uani. Alimfundisha kwa lugha ya shule. Aliniambia mtoto wake hatavaa ubao wa aibu, atazungumza kama watu wa redioni, na hilo sikuligombea, nani anataka mwanawe achekwe. Basi pale baba yangu aliposema gamaku, yeye akamwambia mtoto nyonga, zungusha nyonga, nguvu iko nyongani. Mimi uani kwa wanaume siingii, nilikuwa jikoni, lakini nilisikia, na nilisikia nguzo inalia paa, paa, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, nikamuuliza, mbona ya mwanao inalia? Akanijibu, "Bado hajafika." Nikanyamaza, maana baba yangu naye alimsagisha yeye soya kabla ya kumpa chochote, nikadhani kila mwalimu ana soya yake. Nikamuuliza tena Morio alipomaliza shule, akasema bado hajafika. Nikamuuliza Morio alipooa, mwaka 1979, akasema nimwachie kazi yake, mimi nijue tofu.

Morio, na hili msikie nyote mliokuwa mnasema ana kichwa kigumu, hakuacha. Alikwenda kukaa Naha, akapata kazi yake ya umeme, akafungua chuo chake cha karate mwaka 1984, akawa na wanafunzi wengi kuliko baba yake, na bado kila Jumapili alikuja hapa Uebaru, mvua, jua, dhoruba ikitangazwa redioni, akavua shati akaipiga nguzo mbele ya baba yake, na baba yake akitazama, akinywa chai, akitikisa kichwa na kusema bado kidogo. Halafu wanakula pamoja. Marehemu alikuwa anakula vizuri sana Jumapili. Siku nyingine alinilaumu tambi zimepoa, lakini Jumapili alimaliza bakuli na kusifu.

Mwaka 1995 mgongo wa Morio ulikatika. Daktari alisema ni mifupa ya chini ya uti imesagika kwa kuzungushwa vibaya miaka mingi, akafanyiwa upasuaji, akawekewa vyuma, na mpaka leo akitaka kuokota kitu anapiga goti kwanza kama anamwomba mtu msamaha. Marehemu alikwenda hospitali, akaketi kitandani kwa mwanawe, akamwambia apumzike, akipona ataendelea pale alipoishia. Nilikuwepo. Nilimenya machungwa.

Mwaka 1998 alifika Zukeran Julio, yule pale safu ya tatu, aliyesafiri kutoka Brazili kwa ajili ya msiba huu na ambaye simchukii. Babu na bibi yake waliondoka Uebaru zamani kwenda kulima kahawa, na yeye alilelewa na bibi, kwa hiyo alikuja hapa akisema Kibrazili chake na lugha ya kisiwa chetu ya zamani, ile ya kabla ya vita, lugha ya shule hakuijua hata kusalimia. Mnakumbuka tulivyocheka. Kijana mwenye suruali ya jinzi na miwani ya jua anakwenda dukani anaomba sabuni kwa maneno ya marehemu bibi zetu, na wenye duka wanalia na kucheka pamoja. Alitaka kufundishwa karate ya kijiji cha babu yake, marehemu akamkubali, na kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ya kusikilizana, akamfundisha kwa lugha yetu.

Siku moja mchana nilikuwa naanika nguo, nikasikia sauti ya mume wangu inasema gamaku. Neno hilo nilikuwa sijalisikia likitumika uani tangu baba yangu afe. Nilisimama na shuka mkononi. Baadaye, kabla mwaka haujaisha, ilikuwa Jumapili, Morio amekaa kwenye kibaraza na mkanda wa mgongo kiunoni, Zukeran akaipiga nguzo, na nguzo haikulia. Ikainama, ikarudi, ikanyamaza.

Morio akasimama taratibu, akamuuliza, "Baba, hilo neno unalomwambia ni nini?"

Marehemu akasema, "Nyonga tu. Kwa lugha ya zamani."

Nilikuwa nimeshika birika. Mimi, binti wa Oyadomari Chosei, nasikia mtu anasema gamaku ni nyonga tu, kwa mdomo uleule uliosema umesikia pale mkekani. Morio alinitazama, nikamwambia hapo hapo, mbele ya baba yake, kwamba gamaku si nyonga, nikamshika ubavuni pale penyewe kwa mkono wangu, nikamwambia ni hapa. Marehemu akasema wanawake wa tofu wanajua tofu, na Morio, mtoto wa adabu kupita kiasi, akamwamini baba yake. Alinitania tu jioni wakati anaondoka, "Mama, basi unifundishe wewe, nije na beseni?" Tukacheka. Najua sasa kwamba kicheko kile ndicho marehemu alichokuwa anakihitaji.

Zukeran aliondoka mwaka 2000, akafungua chuo huko kwao, na leo mnavyosikia kwamba ngumi ya Oyadomari iko hai, iko hai kule, katika mikono ya watu ambao hawajui Yonabaru iko wapi. Jana amekuja kwangu, amepiga magoti, ameniambia kwa ile lugha yake ya bibi, "Shangazi, mzee alinikataza nisizungumze na kaka Morio habari za ngumi. Nikafikiri ndiyo adabu ya hapa." Wanafunzi wa marehemu, wengine wenu mnafahamu, walikuwa wamepanga Zukeran ndiye abebe kibao iwapo Morio atagoma, wakisema mrithi ni mrithi, na yeye mwenyewe amekataa, na kwa hilo namshukuru kuliko maua aliyoleta.

Marehemu alianza kuugua Agosti 2012, tumbo, kisha mgongo, ikaonekana ni saratani ya kongosho, akalazwa na kuruhusiwa na kulazwa tena. Morio alimhudumia. Alimwosha, alimgeuza, yeye mwenye vyuma mgongoni anamgeuza mzee mzima, na alimkanda miguu kila alasiri. Tarehe 18 Januari mwaka huu, Morio akimkanda unyayo, alimuuliza bila kuinua macho, "Baba, ulijua kwamba siipati?"

Akasema, "Nilijua tangu ukiwa mdogo."

Morio akaendelea kukanda. Kisha akauliza kwa nini hakumwambia. Nilitegemea aseme habari za ubao wa aibu, za shule, za vita, sababu zipo nyingi na zote ningezielewa, hata nilikuwa tayari kumsaidia kuzitaja. Marehemu akasema, "Ungeipata, usingekuja tena."

Hayo ndiyo aliyosema, na ndiyo Morio anayotaka yasikike hapa. Naona baadhi yenu mnatoa leso, mnasema, masikini, kumbe mzee alimpenda mwanawe hivyo. Rudisheni leso. Mgeni alipewa kwa sababu mgeni anaondoka hata hivyo, kumpa hakumpunguzii mtu kitu. Mwana akanyimwa ili afungwe uani kila Jumapili kama ng'ombe kwenye kinu cha miwa, azunguke, azunguke, mpaka mgongo umekatika, na baba anakunywa chai na kusema bado kidogo. Morio angekuja. Nani kati yenu anayemjua Morio anadhani asingekuja? Angekuja kwa ajili ya tambi zangu tu. Marehemu aliishi naye miaka yote hiyo na hakulijua hilo, na mimi niliyelala naye ubavuni mwangu sikujua kwamba halijui, na sasa hakuna wa kumwambia.

Morio aliweka mguu wa baba yake chini ya blanketi, akatoka, na tangu siku ile hakurudi wodini. Mume wangu alifariki tarehe 9 Februari 2014, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Aliniuliza kama leo ni Jumapili. Ilikuwa Jumapili. Nikamwambia ndiyo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi mrefu aliyejua kumnyoa bila kumkata, nawashukuru majirani wa Uebaru waliopika tangu juzi na kutufagilia njia ya kaburini, mafundi wenzake waliomchongea sanduku na kibao kwa mbao nzuri ambayo yeye mwenyewe angeisifu, na wanafunzi wake wote wa hapa na ng'ambo. Wale wa Morio waliosimama naye nje kwenye mvua, nimewaona, na chakula chenu kimewekwa pembeni.

Morio, nimesoma yote, sijaruka. Kibao kiko mbele ya picha. Sikuambii usamehe, hilo sina haki nalo, nakuambia tu kwamba mkono wa kukibeba ni wako kwa kuzaliwa, na hakuna aliyekushikia, umekuwa wako siku zote. Ukiingia, chukua. Usipoingia, nitakichukua mimi, nitakiweka kichwani nilikozoea kubeba vitu vya kumwagika, na mzee yeyote wa ukoo anayetaka kusema mwanamke habebi kibao, aseme sasa nikiwa bado nimesimama, maana njiani sitageuka.

Seitoku, pumzika. Amani sina ya kukupa, iko kwa mwanao, na mlango uko wazi.